Trekta zaongezeka, tabaka gumu labaki shambani

MAHINDI yanaponyauka siku chache tu baada ya mvua nzuri, lawama huenda kwa mbegu au kwa hali ya hewa. Kabla ya kumlaumu muuza mbegu, mkulima achukue jembe achimbe shimo.

Katika mashamba mengi ya Babati na Karatu yaliyolimwa kwa trekta miaka mingi, jembe hugonga tabaka gumu chini kidogo ya kina cha kulimia. Tabaka hilo hutokana na plau ya sahani kupita kina kilekile kila msimu, huku trekta yenye uzito wa tani mbili au tatu ikishindilia udongo, hasa ukiwa umelowa. Maji hushindwa kuzama, yakatiririka na udongo wenye rutuba. Mizizi ikifika hapo hukunja kwenda pembeni. Mbolea, hata ya mifuko miwili kwa ekari, haitibu hilo.

Tangu kaulimbiu ya Kilimo Kwanza izinduliwe mwaka 2009, mjadala wa zana umetawaliwa na idadi ya trekta. Zana inayofungwa nyuma yake haizungumzwi sana, nayo ndiyo yenye kuamua mavuno. Aidha, mwenye trekta hulipwa kwa ekari. Akilima juujuu anaokoa dizeli na muda, na hasara inabaki kwa mwenye shamba.

Zana ya kupasua tabaka hilo ipo. Ripa aina ya Magoye, iliyotoka Zambia, huvutwa na maksai na ilijaribiwa na wakulima wa Arusha na Babati kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990. Hupasua mstari wa kupandia tu, hivyo gharama ni ndogo. Tabaka likiwa chini zaidi huhitajika jembe refu la kuvutwa na trekta yenye nguvu.

Lakini kazi hiyo ifanyike udongo ukiwa mkavu. Ukiwa mbichi chuma hupita bila kuvunja kitu. Shamba lisilo na tabaka gumu halihitaji gharama hiyo. Na anayepasua mwaka huu kisha mwakani akarudisha plau ya sahani, fedha yake imepotea. Mbaazi zilizopandwa kati ya mahindi husaidia, maana mzizi wake mkuu hushuka chini sana, ingawa India ilipobana uagizaji mwaka 2017 wengi waliliogopa soko lake.

Anayekodi trekta apatane kina kabla ya bei, kisha apime kwa kijiti chenye alama kabla dereva hajaondoka shambani.