Eldoret ni jiji sasa, iwe na kituo cha wanyama

Tarehe 15 Agosti 2024 Eldoret ilipewa hati ya kuwa jiji, la tano nchini baada ya Nairobi, Mombasa, Kisumu na Nakuru. Hadhi hiyo imekuja na madai ya barabara, taa, masoko na mitaro, na wakazi wana haki ya kuyadai yote. Lakini upo wajibu mwingine ambao hakuna haja ya kuubuni, kwa kuwa Katiba ya 2010 imeshauandika. Jedwali la Nne linazipa kaunti kazi ya kudhibiti wanyama na kulinda ustawi wao, na linataja waziwazi leseni za mbwa pamoja na mahali pa kuwahifadhi, kuwatunza na kuwazika wanyama. Kwa hiyo kituo cha kuokoa na kutibu wanyama si hisani ya wafadhili, wala si anasa ya wenye nyua kubwa Elgon View. Ni huduma ya umma kama ilivyo zahanati, na Kaunti ya Uasin Gishu inapaswa kuijenga na kuigharamia, kwanza kabisa kwa ajili ya afya ya binadamu.

Sababu kuu ni kichaa cha mbwa. Ugonjwa huu ukishaonyesha dalili hauna tiba, na karibu kila anayeugua hufa. Makadirio yanayotumiwa na Shirika la Afya Duniani ni vifo 59,000 kila mwaka, vingi vikiwa Afrika na Asia, na asilimia 99 ya maambukizi kwa watu hutoka kwa mbwa. Wanaoumia zaidi ni watoto, ambao hucheza na mbwa, huumwa, kisha huficha kidonda wakiogopa kuchapwa. Kenya ilizindua mwaka 2014 mpango wa kutokomeza vifo hivyo ifikapo 2030, na njia yake inajulikana: kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa wote, mwaka baada ya mwaka. Tatizo la mji ni kwamba kampeni ya chanjo humfikia mbwa mwenye mtu wa kumshika kamba. Yule anayezunguka vichinjioni, sokoni na kwenye majaa ya taka hana wa kumpeleka. Bila kituo cha kudumu, huyo hubaki nje ya hesabu mpaka siku atakapouma mtu.

Tuitazame kazi yenyewe ya kituo cha namna hii, maana wengi hudhani ni kulisha mbwa na kuwapapasa. Mnyama anayeingia hutengwa kwanza na wenzake, kwa sababu virusi vya parvo vinaweza kudumu kwenye udongo kwa miezi mingi na kumaliza watoto wa mbwa wa banda zima. Hupimwa, huogeshwa dawa ya kupe na ya upele, hupewa dawa ya minyoo na kuchanjwa. Akishapata nguvu huhasiwa, kisha hutafutiwa nyumba au, kama afya na tabia yake zinaruhusu, hurudishwa alikotoka akiwa na alama sikioni. Jike hubeba mimba kwa takriban miezi miwili tu, kwa hiyo kila asiyehasiwa ni chanzo cha mbwa wengine wasio na mwenyewe. Halafu kuna kazi ambayo huokoa maisha ya watu moja kwa moja. Mbwa aliyeuma mtu hufungiwa na kuangaliwa kwa siku 10. Aliyeumwa huosha kidonda kwa sabuni na maji mengi kwa dakika 15 na kuanza chanjo mara moja bila kungoja, lakini mbwa akifikisha siku hizo akiwa mzima, daktari anaweza kusimamisha dozi zilizobaki zikamfaa mgonjwa mwingine. Mbwa aliyepondwa kichwa kwa mawe mtaani hatoi jibu lolote, kwani hata ubongo ambao maabara ingeupima huwa umeharibika.

Wapo watakaosema ni rahisi zaidi kuwaua kwa risasi au sumu, kama miji mingi yetu ilivyozoea. Hofu yao naielewa, hasa ya mzazi ambaye mtoto wake hutembea alfajiri kwenda shule kutoka Langas au Huruma. Ila ushahidi hauungi mkono dawa hiyo. Ukiua mbwa huku chakula kikiendelea kutupwa ovyo, wengine wasiochanjwa huhamia pale pale, na miongoni mwa waliouawa huenda wakawemo wale uliokwisha kuwachanja. Tazama Pemba, kisiwa cha jirani zetu. Huko kampeni za chanjo ya mbwa ziliufuta ugonjwa mwaka 2014. Ukaingia tena mwaka 2016, chanjo ikaongezwa, na kufikia mwisho wa 2018 ukawa umedhibitiwa upya. Kilichoshinda ni sindano, si bunduki.

Pingamizi zito zaidi ni la fedha: wagonjwa wanakosa dawa, vipi tujengee mbwa? Nalijibu kwa hesabu. Chanjo ya mbwa mmoja ni bei ndogo sana ikilinganishwa na dozi kadhaa anazohitaji mtu mmoja aliyeumwa, achilia mbali nauli na siku za kazi zinazopotea. Katika kaunti ya wafugaji wa ng'ombe wa maziwa, mbwa mmoja mgonjwa anaweza pia kumuua ng'ombe anayesomesha watoto. Isitoshe, kliniki hiyo haitakuwa ya mbwa peke yao. Punda wanaobeba maziwa, maji na mahindi hupata vidonda vya mikanda mibaya na kwato zilizooza, na wenye mikokoteni wengi hawamudu daktari. Sensa ya 2009 ilihesabu punda zaidi ya milioni 1.8 nchini, ile ya 2019 ikapata chini ya milioni 1.2, baada ya miaka ya biashara ya ngozi. Mnyama anayelisha familia hastahili kufia kando ya barabara kwa kukosa matibabu.

Wengine wanahofia kwamba watu watatupa wanyama wao langoni. Watatupa, kweli, wasipowajibishwa. Ndiyo maana leseni za mbwa, ambazo Katiba imezitaja sambamba na kituo, lazima ziambatane na cheti cha chanjo na zifuatiliwe.

Eldoret haianzi patupu. Ina maabara ya serikali ya uchunguzi wa magonjwa ya mifugo, ina hospitali ya rufaa inayohudumia eneo zima la Bonde la Ufa Kaskazini na Magharibi, na inao vijana waliosomea afya ya wanyama. Nairobi imekuwa na jumuiya ya kutetea wanyama yenye mizizi ya tangu 1910, lakini punda aliyevunjika mguu Munyaka hawezi kusafirishwa zaidi ya kilomita 300 kwenda kutibiwa. Kinachohitajika ni kiwanja, mabanda, chumba cha upasuaji, jokofu la chanjo na mishahara ya kudumu. Wawakilishi wa wadi, wekeni fungu hilo kwenye bajeti ijayo ya kaunti. Nanyi wakazi, katika vikao vya maoni ya umma, msitoke kabla ya kuuliza limetengwa kiasi gani.