Gari la kuvuka mpaka lisichaguliwe kwa macho

Juzi Mutukula nilikuta gari la kifahari limefunguliwa boneti, nyanya zinavuja maji nyuma, mwenyewe yuko kivulini anapiga simu. Kipuri alichotaka hakikupatikana upande wa Tanzania wala wa Uganda.

Wafanyabiashara wenzangu, tuache kununua rangi. Swali la kwanza liwe hili: fundi wa chini ya mwembe kule ninakokwenda analijua? Ndiyo maana naitetea Toyota Probox, wanaoicheka na wacheke. Injini yake ya 1NZ ya lita 1.5 imo pia kwenye IST na Fielder, hivyo vipuri havisumbui. Viti vya nyuma vinalala, magunia yanaingia. Tena kwenye dashibodi kuna kimeza cha kuvuta. Changu nakiandikia risiti na kukiwekea chapati. Starehe yangu ni hiyo.

Ila ukiwa mtu wa Rusumo kwenda Kigali, fikiri upya. Rwanda na Burundi hupita kulia. Kwa usukani wetu wa kulia, ukitaka kulipita lori huoni kinachokuja mpaka gari limeshatoa pua. Mimi huko hubaki nyuma ya lori, nikachelewa.

Fedha ya redio kubwa inunue tairi la akiba, jeki na Kadi ya Njano ya COMESA, ambayo Tanzania nayo imo ingawa si mwanachama wa soko hilo. Bima yako ikiishia mpakani, kumgonga mwendesha bodaboda ng'ambo kunaweza kumaliza mtaji wote.