Imani ya Kila Siku: Dumu la jirani asiyekuwepo

Mwezi huu hatuendi mbali kutafuta somo. Tunakwenda bombani.

Kila familia inaujua mstari wa madumu. (Wengine twasema bidoni, ni kitu kile kile.) Maji hayajafunguliwa, lakini madumu yameshapangwa tangu alfajiri: la njano, la kijani, na lile lililozibwa kwa gunzi la muhindi kwa sababu kifuniko kilipotea zamani. Wenyewe hawapo. Mmoja amerudi kuwasha moto, mwingine amempeleka mtoto zahanati, mwingine yuko kwenye mgao wa chakula. Dumu ndilo limebaki kushika nafasi.

Sasa tujiulize, dumu linashikaje nafasi? Halina mikono, halina mdomo. Ukilisogeza nyuma halipigi kelele. Ukweli ni kwamba wanaoshika nafasi ni majirani. Yule mama aliyesimama karibu akiona mtu analisukuma kwa mguu, anasema, "Hapana, hilo ni la mama fulani, amekwenda zahanati, anarudi." Basi. Kwa maneno hayo machache mtu asiyekuwepo amepata maji ya kupikia.

Lugha yetu yenyewe inatufundisha hapa. Imani, kuamini, mwaminifu, amana: maneno haya ni ndugu wa tumbo moja. Mwenye imani kwa Mungu anatakiwa awe mtu ambaye jirani anaweza kumwachia amana. Kanisani ni rahisi kusema tunaamini. Bombani ndipo watu wanapojua kama sisi ni waaminifu. Na pale bombani hakuna dumu la Mkatoliki, la Mpentekoste wala la Mwislamu. Yote yanangoja maji yale yale.

Tangu kambi ya Nyarugusu ilipofunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya sisi tuliokimbia mashariki ya Kongo, watoto wamezaliwa, wamekua na wamezaa wakiwa kwenye mstari huu. Mwaka 2015 ndugu zetu wa Burundi walipoingia kwa wingi, mstari ulirefuka. Wale waliokuwepo walisikika wakisema, "Hawa wametukuta." Lakini jamani, nani kati yetu hakumkuta mtu?

Tupige hesabu kidogo. Vipimo vya Sphere, ambavyo mashirika ya misaada huvitumia duniani, vinasema mtu mmoja apate angalau lita 15 kwa siku, bomba moja lisizidi watu 250, na mtu asingoje zaidi ya dakika 30. Kila mmoja wetu anajua siku ambazo dakika 30 zilipita zamani na bado hujaliona bomba. Kwa bomba linalotoa lita 7 na nusu kwa dakika, dumu la lita 20 linajaa kwa karibu dakika 3. Haya, mtu anakuja anachomeka dumu lake moja mbele ya madumu 40. Anajisemea, "Ni dakika 3 tu." Kumbe amechukua dakika 3 za kila mmoja aliye nyuma yake. Dakika 3 mara watu 40 ni dakika 120. Ameiba masaa mawili, na hakuna aliyemwita mwizi.

Na wanaolipa masaa hayo ni akina nani? Mara nyingi ni wale wasio na mtu wa kuwasemea. Mzee anayeishi peke yake. Mama aliyejifungua juzi. Binti wa miaka 12 ambaye akichelewa sana atarudi nyumbani giza limeingia, na dumu lililojaa lina kilo 20.

Tunaposikia habari za kisima, wengi tunamkumbuka yule mwanamke Msamaria. Leo twende kwenye maji mengine. Katika Yohana sura ya 5 kuna birika la Bethzatha kule Yerusalemu. Wagonjwa walikuwa wakilala pale kungoja maji yatibuliwe. Mtu mmoja alikuwa mgonjwa miaka 38. Yesu alipomuuliza kama anataka kupona, hakujibu habari ya ugonjwa wake. Alieleza kwamba hana mtu wa kumtia majini, na kila akijitahidi mwenzake anamtangulia. Si ndio maisha yetu hayo? Huyu mtu alikuwa na shida mbili. Ya kwanza ni mwili. Ya pili ni kwamba katika watu wote waliojaa pale, hakuna hata mmoja aliyemshikia nafasi. Yesu alimponya. Lakini majirani wa yule mtu wangeweza kumaliza ile shida ya pili bila muujiza wowote.

Somo la pili liko katika Kutoka sura ya 2. Musa amekimbia Misri, Farao anamtafuta amwue. Amefika Midiani, hana nyumba, hana ndugu, ameketi karibu na kisima. Yaani ni mkimbizi kabisa. Wanakuja mabinti saba kunywesha kondoo wa baba yao, na wachungaji wanawafukuza. Musa angeweza kusema, "Mimi mgeni hapa, nisijiingize." Badala yake alisimama, akawasaidia, akawachotea maji. Mabinti wakafika nyumbani mapema mpaka baba yao akashangaa, kuwa leo mmerudi upesi namna gani. Maana yake nini? Tunaona kwamba ile taabu haikuwa ya siku moja. Wasichana walikuwa wamezoea kuonewa na baba alikuwa amezoea kuwangoja. Alihitajika mtu mmoja tu wa kusimama, na huyo mtu alikuwa mkimbizi.

Wazazi, hapa tuseme wazi. Msaada wa maji haulipiwi, si kwa pesa, si kwa chakula, wala kwa urafiki wa kulazimishwa. Mtu yeyote anayemwambia binti yako, "Nipe kitu fulani ndio upite mbele," anatenda kosa, hata kama ana ufunguo wa bomba. Binti asifichwe, wala asiambiwe kwamba ametuaibisha. Asikilizwe, kisha jambo lipelekwe kwa wahusika wa ulinzi wa watoto au polisi. Kunyamaza pale ni kukaa upande wa wale wachungaji wa Midiani.

Pengine mtu atasema, "Ninyi mnatuhubiria, lakini maji yenyewe ni machache." Ni kweli. Uaminifu hauongezi maji kwenye tanki. Pampu ikiharibika, bomba linakauka kwa mwema na kwa mbaya. Lakini uchache wa maji ni jambo la kupeleka kwa kamati ya maji, tena twende wengi. Si deni la kumdai jirani kwa kulisogeza dumu lake.

Na wengine wanauliza, je, si vizuri kumpa nafasi mgonjwa au mama mjamzito apite mbele? Ni vizuri sana. Lakini tuelewane: kupisha na kupitwa si kitu kimoja. Anayepisha ameulizwa, au ameona mwenyewe, akatoa kwa moyo. Anayepitwa amenyang'anywa. Ukitaka kumsaidia mgonjwa, mpe nafasi yako wewe. Usimpe ya mtu asiyekuwepo, maana sadaka ya mali ya jirani si sadaka.

Liko jambo la mwisho, na hili ni la kututia moyo. Angalieni madumu yenyewe. Kila moja lina alama. Huyu amefunga kitambaa chekundu kwenye mkono wa dumu, yule amechora msalaba kwa rangi, mwingine amechoma herufi kwa msumari wa moto. Tunatia alama kwa sababu tunaogopa kupotezewa. Na moyoni tuna hofu kubwa kuliko hiyo. Tunaogopa kwamba nafasi tuliyoiacha nyumbani imekwisha kuchukuliwa. Tunaogopa kwamba faili zetu zimelala chini ya nyingine, na kwamba dunia imechoka kusikia habari zetu. Watu wa Israeli waliokuwa uhamishoni Babeli walisema vivyo hivyo, kwamba Bwana amewasahau. Katika Isaya sura ya 49 Mungu anawajibu kwamba hata mama akimsahau mtoto wa kifuani, yeye hawezi kuwasahau, maana amewachora katika viganja vya mikono yake. Sisi tunaandika alama kwenye plastiki. Yeye ameandika mkononi mwake.

Basi, kama Mungu anatushikia nafasi sisi tusioonekana, nasi tumshikie jirani. Hatuwezi kuomba usiku, "Bwana, unikumbuke," na asubuhi tumsahau aliyekwenda zahanati.

Mwezi huu tujaribu mambo matatu. Kwanza, kila nyumba ijue dumu la mzee au mgonjwa mmoja wa jirani, na iwe shahidi wake. Pili, tuwafundishe watoto kusema kwa adabu, "Samahani mama, hili lina mwenyewe," bila matusi na bila kurushiana mawe. Tatu, kama bomba lenu lina ugomvi wa kila siku, waiteni kamati na wazee wa kijiji mkae chini kabla mtu hajaumizwa.

Maswali ya kuzungumza nyumbani jioni:
Ni nani katika mstari wetu ambaye hana mtu wa kumsemea?
Je, jirani anaweza kuondoka akituachia dumu lake bila wasiwasi?
Watoto, mmeona nini bombani wiki hii ambacho wazazi hawajui?

Tuombe: Ee Bwana, wewe uliyemwona mtu wa Bethzatha katikati ya umati, tupe macho ya kumwona asiyekuwepo. Utupe kinywa cha kusema kwa ajili yake, na moyo wa kungoja zamu yetu bila uchungu. Wakumbuke waliobaki nyumbani na waliopotelea njiani. Amina.

Neema ya Bwana iwe nanyi mpaka mwezi ujao.