Bibi wa Msafara Hakupakwa Fandesheni

Dada zetu wa Unguja na Pemba! Tunawaandikia kutoka Gongoni, Tabora, na leo hatukuja na mshono mpya. Tumekuja na ugomvi.

Kuna mtindo umeingia wa kumpamba modo "kizamani", eti bibi wa enzi za misafara. Anapakwa fandesheni iliyopanda rangi mbili juu ya ngozi yake, anachongwa pua kwa kontua, anabandikwa kope, anafungwa kanga yenye jina, kisha anapigwa picha chini ya mwembe mkongwe. Chini ya picha wanaandika: Tabora, 1860. Jamani! Hapo cha kweli ni mwembe peke yake.

Tuanze na nguo, maana ndiyo kazi yetu. Burton na Speke walipofika Kazeh mwaka 1857, ndiyo Tabora yetu hii, nguo iliyotembea njia nzima ya kutoka pwani mpaka Ujiji ilikuwa merikani, pamba isiyopaushwa iliyopewa jina la kule ilikotoka, Marekani. Ilikuwepo na kaniki ya kutoka India. Kanga ilizaliwa pwani baadaye, miaka ya 1870 na 1880, kutokana na leso zilizoungwa kwa uzi. Majina yalikuja baadaye zaidi, tena mwanzo yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu. Kwa hiyo modo wa 1860 mwenye kanga ya herufi za Kirumi amevaa nguo ya mjukuu wake.

Na uso je? Wengi wanaiga ile picha ya Sayyida Salme mwenye suruali ya marinda na vito. Picha nzuri, hatukatai. Lakini ilipigwa Ujerumani, baada ya yeye kuondoka Unguja mwaka 1866. Ile nayo ni vazi la kumbukumbu, lililovaliwa mbele ya kamera ugenini. Mnaiga uigizaji, halafu mnatuambia ni historia.

Tena hata kasri lenyewe halikuwa la rangi moja. Mama yake Salme alikuwa Mcherkesi, mama yake Sayyid Barghash Mhabeshi, baba yao mmoja, Sayyid Said. Nani basi amewaambia kwamba ili binti aonekane wa kale lazima kwanza aonekane mweupe? Huo ni mkorogo wa leo, ila umevalishwa ushungi wa zamani. Na msichana akishaona uso wake "wa kihistoria" umependwa kuliko wake wa kila siku, njia ya kwenda kwenye kopo lenye zebaki ni fupi sana. Krimu hizo zimepigwa marufuku nchini na bado zinauzwa kwa kunong'onezana.

Bibi wa msafara wa Tabora tunamjua. Baba yake Tippu Tip, Muhammed bin Juma, alimwoa Karunde, binti wa mtemi Fundikira wa Unyanyembe. Mnyamwezi. Wanawake wa huku walijipamba kwa shanga, kwa bangili za waya wa shaba, kwa chale. Mbona hatujaona hata modo mmoja aliyepambwa hivyo? Urembo wa Kinyamwezi kwenu si wa kale, ni wa kishamba?

Sasa tufike panapouma. Tuliletewa oda na mpiga picha mmoja: gauni la hariri la "malkia", msichana mweupe, na vipande vitatu vya kaniki kwa wasichana weusi watakaosimama nyuma yake wameshika pepeo. Tukauliza, hawa ni akina nani? Tukajibiwa: mapambo tu.

Mapambo! Soko la watumwa la Unguja lilifungwa 1873, na utumwa ukafutwa kisheria kisiwani 1897. Huku bara sheria ilingoja mpaka 1922. Kuna waliopita mji huu wamefungwa, na kuna waliobaki hapa wakawa bibi zetu. Kaniki ndiyo nguo ambayo wengi waliotoka utumwani waliivua, wakavaa kanga ili waonekane watu huru. Leo umrudishie mjukuu wake kaniki ili mwenye hariri ang'are? Oda tuliikataa, na hela tulikuwa tunazihitaji.

Hatusemi kaniki isipigwe picha. Ipigwe, ila mvaaji awe katikati, tumwone uso, na maelezo yaseme ukweli wake.

Wataalamu wa mekapu wanatujibu kwamba hii ni sanaa, msiwe wakali. Sawa, ni sanaa. Basi futeni "1860" chini ya picha na sisi tutanyamaza.

Na dini tusiiruke, maana mnajua mko wapi. Kuunga nywele kumekatazwa katika hadithi zinazojulikana, na wanazuoni wengi wanaziingiza humo kope za kubandika. Rangi ya kucha inazuia maji ya udhu. Bibi zetu walikuwa na hina, inayopaka rangi bila kuziba, na wanja, ambao Mtume s.a.w. mwenyewe aliutumia. (Wanja wa leo uchunguzeni, mwingine una madini ya risasi. Na piko ya pakiti iacheni kabisa. Ile ni dawa ya nywele, imewaunguza maharusi wengi.)

Anayetaka kumpamba modo wa zama zile, kazi yenyewe ni ndogo. Ngozi aiache rangi yake, aipake mafuta kidogo ing'ae. Wanja ndani ya jicho, hina viganjani iliyolala usiku mzima, liwa iliyosagwa juu ya jiwe, moshi wa udi kwenye merikani. Kama ni wa Tabora, shanga na shaba. Adhana ikiingia, modo anainuka akatawadhe, na picha zinaendelea akirudi.