Tumpime na mgombea mwenza

Ndugu Mhariri,

Kuna jambo ambalo wananchi tunalipita upesi wakati wa uchaguzi.

Siku moja nikifundisha habari za Katiba katika shule yetu huku Mgeta, milimani Uluguru, mtoto aliniuliza: "Mwalimu, kama Rais yupo, Makamu anafanya kazi gani?" Darasa likacheka. Lakini swali lilikuwa la haki.

Zamani Mzee Karume, na baada yake Ndugu Aboud Jumbe, walikuwa Marais wa Zanzibar na papo hapo Makamu wa Rais wa Muungano. Makamu wa namna hiyo alikuwa na kiti chake mwenyewe, na mvutano ulikuwa rahisi kutokea. Januari 1984 Ndugu Jumbe alijiuzulu nyadhifa zake baada ya kutofautiana na Chama juu ya muundo wa Muungano.

Tangu uchaguzi wa 1995 Rais na mgombea mwenza wanachaguliwa kwa kura moja. Utaratibu huu umeleta utulivu. Hata hivyo, Makamu sasa ni msaidizi wa Rais, na si rahisi asikike akisema lake.

Tarehe 17 Machi 2021 Rais Magufuli alifariki. Tarehe 19 Makamu wake, Mama Samia Suluhu Hassan, akaapishwa. Kwa mujibu wa Ibara ya 37 ya Katiba, hatukurudi kwenye masanduku ya kura. Alishika muda wote uliobaki, zaidi ya miaka minne. Julai 2021 alizindua chanjo ya korona, ingawa mtangulizi wake alizitilia shaka chanjo hizo. Kumbe Makamu ana fikra zake. Sisi ndio hatukumwuliza.

Ndugu Mhariri, simlaumu mtu. Nasema tu kwamba tunampima mmoja na kuwachagua wawili. Mkulima wa hapa hanunui gunia la viazi kwa kutazama vya juu tu; huingiza mkono hadi chini.

Nashauri vyama viwape wagombea wenza nafasi ya kutosha jukwaani, nao waulizwe waziwazi: Utamshauri vipi Rais ukiona anakosea? Nchi ikiangukia mikononi mwako, utaanzia wapi?

Asiyeweza kujibu leo, tusimwachie tukio la ghafla limjibie kesho.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Mgeta, Morogoro.