Lori liniharibie Shirere, kesi niifuate Mombasa?

Mhariri,

Ninaandika nikiwa na hasira, maana nimetoka masjala ya mahakama sasa hivi. Nimeambiwa kesi yangu haipokelewi huku, eti kwa kuwa mwenye lori ninayemdai ana ofisi Mombasa. Nimfuate huko huko.

Lori hilo lilitoka barabara ya Kisumu likavamia kibanda changu cha ushonaji hapa Shirere. Lilisaga cherehani na kuburura matopeni vitambaa vya sare za shule ambavyo wazazi walikuwa wameshalipia. Majirani walioshuhudia ni wa hapa. Fundi aliyekagua cherehani ni wa hapa. Polisi walionipa abstrakti ni wa hapa. Nani atawalipia wote hao nauli, chakula na malazi hadi Pwani, halafu kesi ikiahirishwa niwapeleke tena? Mwenye lori anajua siwezi. Tangu asikie habari ya kesi, simu zangu hapokei.

Nilimwonyesha karani kifungu cha 14 cha Sheria ya Utaratibu wa Kesi za Madai. Aliyejeruhiwa au kuharibiwa mali inayohamishika anaweza kushtaki pale madhara yalipotokea, au pale mshtakiwa anapoishi au kufanyia biashara. Anayechagua ni mdai. Karani hata hakukitazama, akamwita aliyekuwa nyuma yangu. Na kesi ya shamba je? Kifungu cha 12 kinasema ifunguliwe lilipo shamba. Sheria yenyewe imeona uzito wa kumhamisha mnyonge. Ni hawa wa dirishani wasiouona.

Miaka inaenda. Madai kama yangu yana miaka 3 tu tangu siku ya ajali, baadaye mlango unafungwa. Mahakama ya Madai Madogo, inayosikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, inatakiwa kuamua ndani ya siku 60. Zitahesabiwa kuanzia lini na faili haijafunguliwa?

Tena tangu Machi 2024 tunaambiwa kesi kote nchini zinawasilishwa mtandaoni. Kama karatasi zinapita kwenye intaneti, mimi nipande basi la nini? Na huko saiba tunalipia kila ukurasa, mtandao ukikatika tunaanza upya na kulipa upya. Ibara ya 48 ya Katiba inataka ada isimzuie mtu kupata haki. Hizi si ada?

Wanasiasa hawakosi matanga yetu, kipaza sauti mkononi, haki ya mwananchi mdomoni. Wao wakipingana kuhusu kura za urais, Mahakama ya Juu huamua kwa siku 14. Sijasikia hata mmoja akiuliza bungeni kuhusu sisi tunaorudishwa dirishani.

Ninachodai ni hiki: kila masjala ibandike ukutani, kwa Kiswahili, kesi gani hufunguliwa wapi. Na karani anayekataa kesi aandike sababu, atie sahihi na jina lake.

Fundi cherehani,
Shirere, Kakamega