Watetezi wa afya nao waulizwe maswali

Mwaka 2005 wakazi wa Khayelitsha, kitongoji kikubwa cha watu wa kipato cha chini pembezoni mwa Cape Town, walikuwa wakivutwa huku na huku na makundi mawili, kila moja likijiita mtetezi wa wagonjwa wa UKIMWI. Kundi la kwanza lilikuwa Treatment Action Campaign, TAC, wanaharakati wa fulana nyeupe zenye maandishi makubwa ya zambarau yaliyotangaza kifuani kwamba mvaaji ana VVU. La pili lilikuwa taasisi ya Matthias Rath, daktari kutoka Ujerumani, iliyogawa vidonge vya vitamini na kuwaambia watu kwamba dawa za ARV ni sumu. Ilisema pia kwamba TAC ni vibaraka wa kampuni za dawa.

Mama aliyepimwa na kukutwa na virusi angemwamini nani? Wote walizungumza kwa uchungu. Wote walikuwa na madaktari wa kuwataja, na wote waliwalaani matajiri wanaovuna faida kwenye maradhi ya maskini. Kwa kusikiliza maneno tu asingeweza kuwatofautisha.

Tofauti ilikuwa kwenye matendo. Rath alikuwa mfanyabiashara wa vitamini. Mgonjwa akiacha ARV, bidhaa inayosifiwa badala yake ni yake. TAC, iliyoanzishwa Desemba 1998, ilikataa kupokea fedha za kampuni za dawa, tena ilipambana nazo. Kampuni 39 zilipoishtaki serikali ya Afrika Kusini kupinga sheria ya kupunguza bei ya dawa, TAC iliingia mahakamani kuiunga mkono serikali, na Aprili 2001 kampuni hizo ziliondoa kesi. Miezi michache baadaye TAC ileile iliishtaki serikali ileile, kwa sababu wajawazito wengi wenye VVU walikuwa wakinyimwa nevirapine, dawa ya kupunguza hatari ya mama kumwambukiza mtoto, katika hospitali za umma. Julai 2002 Mahakama ya Katiba iliamua kwamba wapewe. Kiongozi wa TAC, Zackie Achmat, alikuwa mwanachama wa ANC, chama kilichokuwa madarakani.

Kundi linaloweza kusimama mbele ya hakimu dhidi ya chama cha kiongozi wake lina haki ya kusikilizwa. Ndiyo maana asasi yoyote ya afya inapaswa kuulizwa ni lini iliwahi kusema jambo lililomuudhi rafiki yake au mfadhili wake.

Kuna alama nyingine, ndogo lakini yenye uzito. Wafuasi wa TAC walipowafundisha majirani zao namna ARV zinavyofanya kazi, waliwaeleza pia madhara yake, ili mgonjwa ajue dalili za kumrudisha kliniki. Hawakuficha ubaya wa kitu walichokuwa wakikipigania. Upande wa Rath sumu zote zilikuwa za dawa za wenzake. Machi 2006 mahakama ya Cape Town iliizuia taasisi yake kuendelea kuichafua TAC kwa madai ya ukibaraka, na Juni 2008 ikaamua kwamba majaribio yake ya vitamini kwa wagonjwa hayakuwa halali.

TAC ilipokea misaada kutoka nje, na hapa wanasiasa wetu hupenda kukimbilia. Asasi ikiikosoa wizara, jibu la haraka ni kwamba imetumwa na wafadhili. Hilo halitoshi. Kila asasi inalipwa na mtu. La kuulizwa ni mlipaji atapata au atapoteza nini umma ukiamini ujumbe wake. Mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake.

Mwaka 2017 ilizinduliwa taasisi ya kupigania dunia isiyo na moshi wa sigara, ikiongozwa na Derek Yach, aliyekuwa ofisa wa Shirika la Afya Duniani na mmoja wa waliosukuma mkataba wa kimataifa wa kudhibiti tumbaku. Wasifu wake ungemshawishi yeyote. Lakini fedha, karibu dola bilioni 1 kwa miaka 12, ziliahidiwa na Philip Morris International, watengenezaji wa Marlboro. Shirika la Afya Duniani lilizitaka serikali zisishirikiane na taasisi hiyo. Kenya na Tanzania, ambako wakulima wa Migori na Tabora wanaishi kwa tumbaku, ni wanachama wa mkataba huo, na kifungu chake cha 5.3 kinazitaka kuzilinda sera zao za afya dhidi ya maslahi ya kampuni za tumbaku. Wajibu huo unakuwa mgumu pale kampuni inapobisha hodi kwa jina la asasi.

Marekani nako, mwaka 2015 ilifichuka kwamba mtandao wa wanasayansi uliosisitiza mazoezi kuliko lishe katika vita dhidi ya unene ulikuwa umepewa dola milioni 1.5 na Coca-Cola. Tovuti yake ilikuwa imesajiliwa kwa jina la makao makuu ya kampuni hiyo, Atlanta. Kabla mwaka haujaisha, mtandao ulivunjwa.

Majarida makubwa ya kitabibu yamekuwa yakiwataka waandishi wa utafiti wataje anayewalipa. New England Journal of Medicine lilianza mwaka 1984. Magazeti na redio zetu zinaweza kufanya hivyo kesho asubuhi. Msemaji wa asasi akizungumzia chanjo, sukari au maziwa ya kopo, mhariri aandike chini ya jina lake ni nani anayeifadhili asasi hiyo, na asasi isipotaka kusema, msomaji aambiwe kwamba imekataa.